Uvungu wa Lori la Babu Yako

Jumapili, 2 Juni

Lalaina, umekaa huko Mahajanga mpaka miguu yako imesahau ngazi za nyumba hii. Mpunga umevunwa, ukapandwa, ukavunwa tena, na wewe huonekani. Simu unapiga, sikatai. "Bibi hujambo, Bibi nina haraka." Haraka ya nini, mtoto usiye na mume wala ng'ombe? Wewe ndiye uliyenifundisha herufi kwa kipande cha mkaa, pale ukutani nyuma ya jiko, halafu ukaniachia nizitumie peke yangu. Basi nazitumia. Utasoma haya ukija, na ukiona nimekosea, lawama ni yako, maana hukuwepo kunisahihisha.

Habari ni hii. Babu yako anarudi kwao. Tangu afe amelala hapa Fianarantsoa katika kaburi la kuazima, kilimani kwa watu asiowajua. Sasa wazee wa kwao, kule chini kwenye mto Matitanana, wamekubali kumfungulia kaburi la ukoo. Mnajimu ametoa siku: Jumamosi ya kwanza ya Julai. Tukiikosa hiyo, kaburi halifunguliwi tena mpaka mwakani, na mwakani sijui kama nitakuwa juu ya udongo au chini yake.

Atasafiri kwa lori lake mwenyewe, lile analoendesha baba yako siku hizi. Mzee Tsivery, mkubwa wa ukoo, ametuma neno. Gari lije safi, na dereva aape langoni kwamba halikuguswa na mwiko wetu. Mwiko wetu unaujua: nguruwe. Hatumli, hatumgusi, na kijijini haingii hata unywele wake. Baba yako Mahefa ni mtu wa huku milimani, kala nguruwe tangu anaota meno, lakini nyumbani kwangu hajawahi kumleta, na lori linabeba mpunga na matofali tu. Kiapo hakinitishi. Kinachonitisha ni uchafu. Lori limetoka kwenye masika likiwa limevaa tope la nchi nzima. Baba yako amesema atalipaka rangi mpya, juu na chini. Nami nimesema rangi haipiti mpaka uvungu ukwanguliwe.

Jumanne, 4 Juni

Manyunyu. Yale ya Juni, ambayo si mvua wala si ukungu, yanayokaa juu ya blanketi kama majivu.

Lori limepandishwa juu ya mtaro nyuma ya karakana ya Rado, litakaa hapo mpaka lipakwe rangi. Baba yako alitaka kutafuta kibarua. Nikamwambia kibarua hukwangua panapoonekana tu. Mimi na babu yako tumeukwangua uvungu huu kabla mama yako hajavunja ungo. Mimi ni mdogo wa mwili, napita popote, na uchafu siuogopi.

"Mama, ukikwama huko chini nitawaambia nini watu?" baba yako akauliza.

"Waambie nimepata kaburi langu mwenyewe, si la kuazima."

Akacheka. Huyu hucheka kila kitu. Alicheka hata siku ya posa, mjomba wako akiwa katikati ya hotuba. Miaka yote hii sijajua kama ananicheka mimi au anacheka tu.

Nilianza na patasi na nyundo. Tope likikaa na grisi muda mrefu linakuwa kama ukoko wa wali uliosahauliwa motoni. Linabanduka vipande vipande, na kila kipande kina habari yake: juu tope jekundu la huku kwetu, chini yake jeusi la mabonde ya mpunga, chini zaidi mchanga wa barabara ya pwani. Kwanza unakwangua kavu. Kisha unapaka mafuta ya taa kwa brashi, unayaacha yanywe, unakwangua tena. Mwisho ndipo maji ya moto na sabuni na majivu. Ukianza na maji umejitafutia kazi mara mbili.

Nimetoka huko mweusi. Mama yako kanipokea mlangoni kwa ndoo, hakuniruhusu hata kukanyaga mkeka.

Jumatano, 5 Juni

Ekseli ya nyuma imeanza kuonekana. Mgongo haunyooki. Manyunyu.

Ijumaa, 7 Juni

Rado kaja kuchutama karibu na mtaro, sigara mdomoni.

"Bibi, toka huko. Mimi napuliza rangi nyeusi juu ya tope hilohilo, jioni gari linang'aa. Nani atalala chini ya lori kuchungulia?"

"Mume wangu atalala juu yake."

"Yeye yumo ndani ya kitambaa, Bibi. Haoni kitu."

"Na wewe usiye ndani ya kitambaa, unaona nini? Nipe brashi ya waya, hiyo yangu imepukutika."

Mafundi wake wakapiga makofi. Brashi aliileta mwenyewe, na chai.

Jumamosi, 8 Juni

Kuna mbwa pale karakana. Tangu Jumanne namwona amelala chini ya springi za nyuma, nikadhani anakimbia manyunyu. Leo nimemwona akilamba. Ulimi wake unaingia kwenye pini ya springi, unapita kati ya bamba na bamba, na macho kafumba kwa utamu.

Lalaina, mbwa halambi grisi. Akiinusa anapiga chafya na kuondoka.

Nikamfukuza, nikasogeza taa. Sisimizi walikuwa wamejipanga mpaka kwenye pini. Nikatia patasi. Kilichotoka si cheusi. Ni cheupe chenye manjano kidogo, kimeganda, kinateleza kidoleni. Nikakinusa. Sijawahi kumtia nguruwe mdomoni, lakini utu uzima wangu wote nimeishi huku juu, nimepita mbele ya majiko ya watu siku za sherehe, wakichemsha kisamvu naye. Harufu ile siikosei hata usingizini.

Nimesugua mikono kwa majivu mpaka imechubuka. Sikula. Sikumwambia mtu. Mama yako kaniuliza naumwa wapi, nikamwambia kila mahali.

Jumapili, 9 Juni

Watu wanajiandaa kwenda kanisani. Mimi nimekaa kwenye ngazi nikimtazama baba yako akifunga viatu, akiimba. Anaimba! Nimemtazama mikono. Nikawaza: mikono hii imenibeba nilipovunjika nyonga, na mikono hii imempaka mume wangu nguruwe.

Nikamwuliza mama yako, "Zoely, mumeo hupaka nini kwenye zile springi?"

"Grisi, mama. Watu hupaka nini kingine?"

Hajui kitu. Uso wake ulikuwa mtupu kama sahani.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeshindwa kunyamaza. Nilikuwa nimepanga kusubiri apumzike, ale, nimwite pembeni kama mkwe na mkwe wenye heshima zao. Badala yake nilimkuta karakana akiwa na Rado, wanachagua rangi ya milango, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mahefa! Umeweka nini kwenye pini za springi?"

"Ah, zile. Mama, usizisumbue zile, ziko sawa. Nilizipaka mwenyewe Februari."

"Nimekuuliza nini, sikukuuliza lini."

Akaanza kueleza huku anatabasamu. Februari, wakati wa kimbunga, barabara ilikatika mbele na nyuma. Yeye na shehena ya mpunga wakabaki juu ya kilima na watu wa kijiji kimoja. Grisi imekwisha, pini zimekauka, zinaanza kula vyuma. Kijiji kikachinja nguruwe. Akaomba mafuta, akayayeyusha kwenye kopo, akayamimina mpaka yakajaa.

"Baba yangu alipaka hivyo hivyo ekseli za mkokoteni," akasema. "Maisha yake yote. Magurudumu yalizunguka kama pia."

"Nguruwe," nikasema.

"Mafuta tu, Mama. Nyama sikubeba. Hata kipande. Naujua mwiko wenu, sijawahi kumpakia nguruwe kwenye lori la Baba, mzima wala mfu. Nilipaka tu."

Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa amefanya kwa dharau. Kwake yeye nguruwe ni kitu kinachobebwa au kinacholiwa. Kikipakwa kwenye chuma kimekuwa grisi, basi. Lakini hasira ikishapanda hairudi kwa sababu umeelewa. Nilimwita majina, Lalaina, ambayo sitayaandika, usije ukanikumbuka kwa hayo. Nikamwambia wazee wa kwetu hawaulizi kama umebeba. Wanauliza kama gari limeguswa. Nikamwambia babu yako atasimamishwa langoni kama mwizi.

Rado, mjinga yule, akasema, "Si aape tu? Nani atajua?"

"Ndiyo," baba yako akasema, taratibu. "Nitaapa. Nani atajua, Mama?"

"Utaapa kwa mdomo gani? Mtu akiapa uongo pale langoni, ukoo wote unabeba. Watoto wako ni wa ukoo ule. Lalaina ni wa ukoo ule!"

Kicheko kikamtoka usoni. Sijawahi kumwona bila kicheko. Uso wake ukawa wa mtu mwingine, mzee, mwenye mifuko chini ya macho. Akaweka chini kopo la rangi, akatoka, hakuchukua hata koti.

Jumanne, 11 Juni

Hakulala nyumbani.

Jumatano, 12 Juni

Mama yako anapiga simu yake, imezimwa. Hanilaumu kwa maneno. Ananilaumu kwa sufuria, anaziweka chini kwa kishindo. Manyunyu hayaachi. Lori liko pale juu ya mtaro nusu safi nusu chafu, na mimi siwezi kulisogelea.

Alhamisi, 13 Juni

Hakuna.

Nimefikiri mengi ambayo si mazuri. Nimefikiri amerudi kwa mama yake. Nimefikiri amelewa, amelala mtaroni mahali fulani. Halafu nikafikiri barabara ile ya msituni, na malori yanayoteremka usukani ukicheza, na yeye bila koti. Siku nitakayokufa mseme nilikuwa na mdomo, msiseme sikuwa na moyo.

Ijumaa, 14 Juni

Karudi. Kaja kwa miguu kutoka stendi, ana tope mpaka magotini, na mama yako kampiga kwa kitambaa cha jikoni kisha kamkumbatia.  Baba yako akaja mbele yangu, akapiga magoti kwenye sakafu.

"Nimetoka kwa Mzee Tsivery," akasema.

Alikwenda mpaka kule chini. Peke yake, mtu wa milimani, mla nguruwe, kuingia kijiji cha watu wetu akiwa amebeba habari kama ile. Anasema walimsimamisha nje ya uzio tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Vijana wakamrushia maneno. Bibi mmoja akamwuliza kama amekuja kuoa au kuchinjwa. Wazee wakakaa, wakasimama, wakakaa tena. Kisha Mzee Tsivery akamjia kwenye uzio.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Tunajua magari huchafuka. Tusichokijua ni kama litasafika.'"

Masharti ni haya. Springi zote zifunguliwe, bamba kwa bamba. Afungue yeye aliyepaka, lakini asisugue. Asugue mtu ambaye mwiko haujapita mdomoni mwake tangu azaliwe. Zisuguliwe mpaka chuma kiwe kama kilivyotoka kwa mhunzi. Na uvunguni pasipakwe rangi, wala grisi, wala mafuta ya aina yoyote, mpaka wazee waone kwa macho yao. Wakiona doa lolote, babu anarudi alikotoka.

"Na wewe ulikula nini siku hizo zote?" nikamwuliza.

"Ndizi. Niliogopa kula kitu kingine, nisije nikakosea tena."

Nikaenda kumpikia.

Jumatatu, 17 Juni

Springi zimefunguliwa. Baba yako kafungua boliti, kaziweka chini juu ya majani ya migomba, kisha kasogea nyuma, mikono mgongoni kama mtoto aliyekatazwa.

Nikamwambia mama yako, "Haya, shika brashi upande ule."

Akabaki amesimama.

"Zoely."

"Mama..."

"Lini?"

"Kwenye arusi ya dada yake Mahefa. Kidogo tu. Walinitazama wote, ningefanyaje?"

"Kidogo tu! Na ulitema?"

"Sikutema, mama. Kilikuwa kitamu."

Baba yako akageuka ukutani, mabega yakitikisika. Nami nikaona nicheke au nilie, nikacheka. Kwa hiyo nimebaki peke yangu, Lalaina, na usinitumie salamu za kunisaidia. Nimeishi duniani. Najua wanachouza vibandani Mahajanga, na sidhani umekipita.

Ijumaa, 21 Juni

Bamba za kulia nimemaliza. Chuma kimetoka cheupe, kama mgongo wa samaki. Nimesugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa maji ya moto, kisha mchanga tena. Baba yako anachota maji, anachochea moto, anaweka ndoo mbali na mimi na kurudi nyuma. Hatuzungumzi sana. Anauliza tu, "Yamepoa, Mama?" Namjibu, "Bado."

Jumamosi, 22 Juni

Kutu!

Nimefika asubuhi, bamba zote za jana nyekundu. Manyunyu yamezilamba usiku kucha, na chuma kisicho na mafuta hakina nguo. Nimekaa juu ya ndoo nikalia waziwazi, mafundi wakiona. Rado akasema nipake mafuta kidogo tu ya kupikia, nizifute nikifika. Nikamfukuza kwa brashi. Mzee akinusa mafuta yoyote pale, atauliza ya nini, na nitamjibu nini?

Nimeanza upya.

Jumatatu, 24 Juni

Kutu. Upya.

Jumanne, 25 Juni

Kutu, kidogo. Baba yako kaleta bamba zote nyumbani jana, bila kuzigusa, kazivuta kwa kamba juu ya ubao. Kaziweka karibu na jiko, na mama yako kalala jikoni akichochea moto ili hewa ikauke. Nyumba inanuka chuma na moshi.

Ijumaa, 28 Juni

Rado ameanza kupuliza juu. Kibuluu cha milango, mistari ya manjano. Zuri, sikatai, linafanana na kanga ya arusi. Ukiinama chini unaona chesisi, yaani mifupa ya lori, tupu, imesuguliwa, haina rangi, kama mtu aliyevaa koti na tai bila suruali. Watu wanaopita wanacheka. Wacha wacheke.

Ninachoogopa sasa ni barabara. Safari ni ya siku nzima, kupitia msituni, ambako mvua haina msimu. Nimefanya kazi mwezi mzima, na tope la asubuhi moja linaweza kuifunika yote. Mzee atainama, ataona tope na kutu, atajuaje chini yake pana nini? Nimemwambia baba yako. Akasema, "Nitaendesha polepole." Polepole haizuii tope.

Jumatano, 3 Julai

Tumemfukua babu yako. Alikuwa mwepesi. Nimemfunga upya kwa kitambaa cha hariri, nimemweleza kila kitu, hata ile habari ya nguruwe, maana sitaki aisikie kutoka kwa wengine. Springi zimerudishwa, kavu kabisa. Baba yako alifunga kwa spana, vitambaa vipya mikononi, jasho likimtiririka kama anamfungia mtoto kidonda.

Ijumaa, 5 Julai

Tumeondoka alfajiri. Naandika haya tumesimama Irondro, injini inapoa.

Lalaina, lori linapiga kelele! Springi bila tone la mafuta, chuma kikisaga chuma, kila shimo linatoa ukelele mrefu unaopanda mpaka masikioni. Kwenye kona za Ranomafana watu walitoka majumbani. Kuku wakaruka. Dereva wa lori jingine akashusha kioo, akapaza sauti, "Mnamchinja nani huko nyuma?" Baba yako akauma meno, akaendelea kuendesha. Mama yako kaziba masikio kwa lamba, ile shuka yake ya mabegani. Mimi nimemshika babu yako nisimwachie atikisike.

Na mvua imenyesha msituni, kama nilivyosema. Nimechungulia uvunguni sasa hivi. Tope. Jekundu, jipya, kila mahali. Nimekamata jiwe nianze kukwangua, na baba yako kanishika mkono. Ni mara ya kwanza kunigusa tangu siku ile.

"Mama, acha. Tukianza hapa hatufiki."

"Wataona tope."

"Wataona tope. Nitasema ni tope."

Jumapili, 7 Julai

Jana sikuweza kuandika. 

Tulilala njiani, na asubuhi tukavuka daraja la Matitanana umande ukiwa bado haujakauka, na lori lilipiga kelele daraja zima. Tulipofika langoni ukoo wote umejipanga kwenye uzio, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mzee Tsivery kakaa kwenye kiti cha mbao, fimbo magotini. Baba yako kazima injini. Mwanangu, nilisikia maji yakidondoka kutoka uvunguni.

"Nani dereva?"

"Mimi," baba yako akasema. Akashuka. Alikuwa amevaa shati jeupe la arusi yake.

"Gari hili limeguswa?"

Mama yako akanibana kidole mpaka kikaniuma. Wazee walikuwa wanajua, lakini langoni huulizwa upya mbele ya ukoo wote, na gari lililokwisha kusuguliwa mtu angeweza kulisemea hapana. Ningeweza kumsamehe angesema hapana. Pale pale, na babu yako mapajani mwangu, nilikuwa nimeshamsamehe.

"Limeguswa," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Kwa mkono huu. Mafuta ya nguruwe, kwenye springi, mwezi wa Februari. Niliyapaka kwa kutojua. Mama mkwe wangu ameyaondoa kwa mikono yake, na mimi sikusugua. Lililoko chini sasa ni tope la njiani. Hilo siwezi kuliapia, lakini mnaweza kuja kukwangua."

Vijana wawili wakachukua hatua kuelekea kwenye lori, wakikunja mikono ya mashati. Mzee Tsivery akawazuia kwa fimbo.

"Simameni hapo. Mnatafuta nini huko chini? Hamkusikia?"

Wakasimama.

"Nimewasikia hawa tangu upande wa pili wa mto," akasema. "Watoto walikimbia kwa mama zao. Mimi nimekaa hapa nikisema, hatujawahi kumruhusu nguruwe aingie, leo wametuletea sauti yake!"

Watu wakacheka, wanawake kwanza, kisha wote. Mzee hakucheka. Akangoja.

"Springi yenye mafuta hailii hivyo. Yawe mafuta ya nani. Gari hili ni kavu kuliko koo langu. Mshusheni ndugu yetu."

Nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta mwanzoni mwa Juni.

Wanaume wakamchukua babu yako begani, wakaenda naye kwenye kaburi la ukoo, wakiimba. Kule ndani wanawake hatuingii. Wakwe hawaingii. Kwa hiyo tulibaki wawili, baba yako na mimi, tumekaa kwenye ngazi ya lori, mama yako akiwa kwa shangazi zake. Nyimbo zikawa mbali. Nikaona shati lake limelowa. Nikavua lamba yangu nikamfunika.

"Ungesema hapana," nikamwambia, "tungekuwa tumeshakula."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

Akafikiri. "Kule kilimani, Februari, nilidhani pini zitakatika. Nilikuwa nawaza hilo tu, Mama. Lori la Baba lisinifie mikononi. Halafu leo pale langoni nikawaza, sasa niseme uongo juu ya lori hilohilo?"

Lalaina, miaka yote nilimhesabu yule mtu kuwa mgeni aliyemwoa binti yangu. Nilidhani hucheka kwa sababu hakuna kinachomwingia. Kumbe kinamwingia mno, na kicheko ndicho kifuniko. Nikamwambia, "Sogea, mwanangu, unanibana." Hakusogea. Na mimi sikutaka asogee.

Jumanne, 9 Julai

Tumerudi Fianarantsoa. Wazee walitupa ruhusa ya kupaka grisi pale pale kijijini, ya dukani, kopo jipya, na njiani lori lilikwenda kimya mpaka nikasinzia.

Rado amekataa kumaliza uvungu. Anasema nimemtia aibu mbele ya mafundi wake, na kwamba chuma safi kama kile anaogopa kukiharibu. Kimeanza kupiga kutu tena. Mgongo wangu umesema basi.

Kwa hiyo sitangoja uje ndipo usome: kurasa hizi nampa dereva wa basi akuletee huko Mahajanga, nawe sikiliza. Safari hii unakuja, na si kwa simu. Vaa nguo mbovu, uchukue brashi mbili za rangi, moja nyembamba ya kwenye pembe za chesisi. Ukifika usinikimbilie mimi. Nenda kwanza nyuma ya nyumba, lori liko pale, utaona miguu ya baba yako imetokeza chini yake. Chutama, mwamkie yeye kwanza, kwa heshima zote. Kisha ingia uvunguni, mkapake rangi pamoja. Mimi nitasubiri, chai itakuwa motoni.